Begi Moja, Makipa Wawili

Asubuhi ya siku ambayo dirisha la usajili lilikuwa linafungwa, dada yangu alifunga begi moja na kuliweka karibu na mlango. Ndani alitia bukta, fulana, taulo, sabuni na viatu vya akiba. Baadhi vilikuwa vyangu, baadhi vya mumewe. Nilipomuuliza begi ni la nani, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi yake kwamba ni la atakayeondoka. Mmoja wetu angeondoka kabla ya jioni, na yeye hakuwa tayari kukimbizana na nguo mbichi huku mtu anapigiwa honi nje.

"Na asipoondoka mtu?" nikamuuliza.

"Basi mmoja atakaa hapa msimu mzima akinitazama nikipika. Huyo ndiye nitakayemfungia begi la kweli."

Shemeji alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka. Tangu juzi nilikuwa nakaa nasimama, nafungua simu nafunga simu. Nikikutana na kioo naangalia mikono yangu kama vile kuna mtu angekuja kuichukua.

Mambo yalikuwa hivi. Timu yetu ilikuwa na makipa wanne, na ligi inaruhusu kusajili watatu. Wa kwanza ni Nguzo, nahodha, mtu ambaye picha yake imechorwa kwenye ukuta wa uwanja, kubwa kuliko geti lenyewe. Huyo haguswi. Wa pili ni Ghorofa, aliyenunuliwa msimu huohuo, mrefu mpaka anainama kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Viongozi walimleta bila kumuuliza kocha, na hakuna kiongozi ambaye angekubali kwamba amenunua kitu kisichohitajika, kwa hiyo naye haguswi. Ikabaki nafasi moja, na waliokuwa wanaitaka walikuwa wawili wanaokula meza moja: mimi na mume wa dada yangu.

Shemeji ndiye aliyenifanya kuwa kipa. Alipokuwa anakuja kumchumbia dada, alikuwa anasubiri uani wakati dada anajiremba, na ili asichoke kusubiri akawa ananirushia mpira wa matambara. Nikawa naudaka. Akaurusha kwa nguvu zaidi, nikaudaka. Siku moja dada alitoka amependeza, akamkuta mchumba wake amelala kifudifudi vumbini akinionyesha namna ya kuanguka bila kuvunja mbavu. Habari hiyo husimuliwa nyumbani kila mtu anapomkera mwenzake.

Basi mtu huyo ndiye niliyetaka aondoke. Sisemi kwa haya. Nilikuwa kijana, nilikuwa mwepesi kuliko wote wanne, na nilikuwa nimejiapiza kwamba Nguzo akichoka, goli lile litakuwa langu. Kwenda timu nyingine, tena ya daraja la chini, kwangu kulikuwa kushuka, nami sikujiona mtu wa kushuka hata ngazi ya jikoni.

Tena kulikuwa na goti. Goti la kushoto la Shemeji lilikuwa limechoka, na waliojua ni sisi wa nyumbani tu. Nyumbani alishuka ngazi kiubavu, akalala na mto chini ya mguu, na dada akamkanda kwa kitambaa cha moto. Kazini alivaa suruali ndefu ya mazoezi hata jua likiwa la kuchoma visogo, akasema anaogopa kuchubuka. Akirukia kulia alikuwa ndege. Akirukia kushoto, chini, alichelewa kidogo tu, na kwa kipa kidogo hicho ndicho chote.

Mchana ule alitarajiwa mtu kutoka mji mwingine. Kipa wa timu yao alikuwa amevunjika mkono, wakamtuma kocha wao wa makipa aje achague mmoja kati yetu wawili. Katibu wa klabu alitueleza mlangoni mwa ofisi yake, simu moja sikioni na nyingine mkononi: atakayechukuliwa atakwenda, atakayebaki atasajiliwa wa tatu. Akafunga mlango. Shemeji aliniambia twende tukale. Nikamwambia sina njaa. Akala cha kwake na cha kwangu.

Klabu siku kama hiyo haina utulivu wala mahali pa kuweka mguu. Kwenye korido watu walikuwa wanaongea na simu wakiutazama ukuta. Beki mmoja alikuwa ameagwa tangu asubuhi na bado hajaondoka, kila akimaliza kuaga anaambiwa asubiri. Ndani, makabati mengine yalikuwa wazi, matupu, yamebaki na alama ya gundi pale jina lilipobanduliwa. Ghorofa, ambaye hakuwa na la kuogopa, ndiye aliyeogopa kuliko wote. Aliuliza kila aliyepita kama amesikia chochote, na mtu akisema hajasikia, yeye anazidi kutoka jasho. Mimi nilivaa glovu nikazivua, nikazivaa tena. Shemeji aliketi kwenye benchi akafunga kamba za viatu polepole, akaniambia kwamba nikiendelea kuzivua hivyo zitaisha kabla sijazidakia.

Mgeni alikuja akiwa amevaa kofia na ndala. Alikuwa kipa zamani, huhitaji kuambiwa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja kivyake, kama vilivyogombana. Kimoyomoyo nikamwita Vidole. Alitusalimia kwa kushika mikono yetu na kuigeuza, akaitazama viganja kama mtu anayenunua mihogo. Halafu akasema mmoja akae golini, mwingine apige, kisha tubadilishane. Kocha Mkuu alikuwa amesimama juu kwenye kibaraza cha ofisi, mikono kwenye chuma, anatazama.

Kwetu makipa kuna jambo tunaloliita kulisha. Kabla ya mechi, kipa wa akiba humpigia mwenzake mipira ya kumpasha moto, na kumlisha vizuri ni kumpelekea pale anapopapenda, ili mikono iamini na moyo utulie. Kila kipa anajua mapenzi ya mwenzake. Mwingine anapenda mpira wa kifuani, mwingine wa juu pembeni. Kulisha ni heshima ya kazi yetu. Washambuliaji hawaijui, wao wakiona goli wanapiga tu.

Shemeji aliingia golini kwanza. Nikamlisha.

Nilimlisha kama sijawahi kulisha mtu. Kulia juu, kulia katikati, kulia juu tena. Kushoto sikupeleka chochote isipokuwa mipira ya begani, ya kupokea bila kuinama. Akaruka, akapangua, akaudaka mmoja kwa mkono mmoja hewani mpaka wafagiaji wa uwanja wakapiga makofi. Nilimvisha kilemba cha ukoka kwa mguu wangu mwenyewe. Nikajisemea, mchukue, mzee wa ndala, mchukue uende naye, gari lako si liko pale nje. Vidole aliendelea kutafuna njiti yake ya kiberiti.

Tukabadilishana. Nikasimama mstarini, nikatema mate kwenye glovu, nikajikaza. Mpango wangu ulikuwa kudaka ovyo kidogo, si sana, kiasi cha mtu kutokunitamani. Lakini mpira wa kwanza ulikuja kwa urefu ule ninaoupenda, wa bega, wenye nafasi ya kuruka, nami mwili wangu hauwezi kuukataa mpira wa namna ile. Nikauchuma. Wa pili vilevile. Wa tatu nikaruka mpaka nikaisikia hewa ikipita chini ya tumbo. Nikaanza kujipenda. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba sitakiwi kupendeza.

Baada ya hapo ndipo nikagutuka. Mimi nina adui mmoja duniani, nao ni mpira unaodunda mbele ya miguu. Ukija ule, mikono inakwenda mahali pake na mpira unakwenda kwake. Shemeji anajua, ndiye aliyenipigia kelele miaka yote kwa ajili yake. Na tangu aanze kupiga, hakuwa amenipa hata mmoja.

Damu ilinipanda. Nikaushika mpira nikamwendea mpaka pua na pua, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ananiuza.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?" akasema. "Unanivika taji?"

Tulisimama pale tumekodoleana macho, kila mmoja ameshika upande wake wa mpira, watu wawili waliopakana mafuta kwa mgongo wa chupa saa ileile, mahali palepale.

Vidole alikuja akiburuza ndala zake. Alitema njiti.

"Nimeona makipa wa ziada wengi," alisema. "Mimi mwenyewe nimekuwa wa ziada nusu ya maisha yangu. Lakini wanaopendana namna hii sijawahi kuwaona."

Akatuambia kwamba yeye pia alilisha watu na alilishwa, na tusimfanye mtoto. Tunakaa nyumba moja, ameambiwa. Basi kila mmoja anajua mwenzake anafungwa wapi, na huko ndiko anakotaka kuona mipira ikienda. Tusipotaka, atarudi kwenye gari bila mtu, nasi tutakwenda kugawana nafasi moja tukiwa wawili. Akamrudisha Shemeji golini, akanikabidhi mpira.

Niliuweka chini. Nikarudi nyuma. Nikautazama ule mpira, nikatazama kibaraza, Kocha Mkuu bado yuko palepale. Hapo ndipo hesabu ilinigomea. Nikipiga kulia, Vidole anaondoka bila mtu. Nikipiga kushoto chini, goti linaanikwa juani mbele ya kila mtu. Vidole hatamtaka, na Kocha Mkuu naye akiliona atamkata, na Shemeji atakuwa hana huku wala kule. Nilitaka aondoke. Sikutaka aishe. Nilisimama mguu mmoja mbele, jasho linaniingia machoni.

Shemeji aliniangalia. Kisha akainama, akavua ile suruali ndefu, akaitupa nyuma ya nyavu. Goti lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha maua, kipande cha gauni la zamani la dada yangu. Mmoja wa wafagiaji akaanza kucheka, akanyamaza mwenyewe.

"Kushoto," akasema. "Chini."

Nikatikisa kichwa.

"Shemeji, usinionee huruma mbele za watu. Piga."

Nani anaweza kuvumilia neno hilo? Kipa anaweza kuonewa vyote isipokuwa huruma. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, kushoto, chini, na mpira ukapita chini ya mkono wake ukatikisa nyavu. Akainuka, akauliza kama huo ndio wote nilio nao. Nikapiga tena, ukapita tena. Safari hii aliinuka kwa mikono kwanza. Nikapiga wa mwisho nikiwa nimekasirika hata sijui na nani, na yeye akajirusha kabla sijaugusa, akaufikia kwa ncha za vidole, ukagonga mlingoti ukarudi uwanjani. Alibaki amelala pale, ameshika goti, anacheka peke yake.

Hakumngoja Vidole aseme. Alichechemea mpaka kwenye mipira, akanionyesha goli kwa kidole, na nilipoingia akaanza kuniadhibu. Kila mpira ulidunda mbele ya miguu yangu. Wa kwanza ulinipita tobo, katikati ya miguu. Wa pili ulinigonga bega ukaingia. Ghorofa, aliyekuwa amekuja kutazama, akaniuliza kama nimesimama pale kupunga upepo. Hapo nikawaka. Nikaacha kungoja mstarini, nikawa naufuata mpira kabla haujadunda, naulalia, naukumbatia, nauzuia kwa chochote kilichokaribia. Mmoja niliuzuia kwa uso. Nikasikia kitu cha moto puani na chumvi mdomoni, nikainuka nikamwambia lete mwingine. Akaleta. Nikaula. Akaleta. Nikaula.

Vidole aliinua mkono.

"Huyu," akasema. "Mikono yake bado ya kitoto, lakini ana hasira. Mikono nitamfundisha."

Ilipaswa kuwa fahari, nami nilisikia kama mtu anayesomewa hukumu. Lakini kabla sijajililia nilimwona Kocha Mkuu akishuka ngazi, na Katibu nyuma yake na simu zake. Nikaona wanakwenda kumkata Shemeji. Nikawatangulia. Damu ya pua ikinichuruzika mpaka kwenye jezi, nikawaambia kwamba siendi popote mpaka nione Shemeji amesajiliwa, na kama wanataka kumtupa kwa sababu ya goti basi watutupe wote wawili, na dirisha lao walifunge na vidole vyao vikiwa ndani.

Katibu alisema hapa si sokoni. Kocha Mkuu akamtuliza kwa mkono, akanigeukia.

"Mtu anavaa suruali ndefu jua hili msimu mzima," akasema. "Wewe unadhani mimi ni kipofu?"

Akaeleza bila haraka, kama anayeeleza mazoezi ya kesho. Kipa wa tatu kazi yake si kudaka. Kazi yake ni kuwalisha wawili wa mbele kila siku, bila kinyongo, mpaka waamini mikono yao, na Nguzo mwenyewe alikuwa amesema kwamba akilishwa na mtu mwingine anaingia uwanjani na mikono ya barafu. Mimi nikiwa wa tatu ningemlisha Nguzo mawe.

"Nimemtazama leo kule juu," akaongeza. "Kwa dakika chache, amekufanya hata wewe uonekane kipa."

Wakacheka, hata Katibu. Mimi nilipangusa pua. Neno lile lilinichoma kuliko mpira wa usoni, na linanichoma mpaka leo, kwa sababu lilikuwa la kweli nusu, na nusu nyingine nilikuwa bado sijaithibitisha.

Tulipokuwa tunangoja karatasi za kutia saini, nilimkuta Shemeji chumba cha kubadilishia nguo, mguu ameunyoosha juu ya benchi. Nikamuuliza kama alipanga tangu nyumbani. Akasema ndiyo. Nikamwambia aliitaka nafasi yangu.

"Niliitaka," akasema. "Usinifanye mtakatifu. Goti hili halitaki goli, linataka benchi. Wewe benchi lingekuua, na ungetuua na sisi nyumbani kabla yako."

Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi, nikakosa linalomfaa. Nikamfungua kile kitambaa cha maua, nikakifunga upya, kwa sababu alikuwa amekikaza vibaya.

Vidole alikuwa mtu wa haraka. Alinipitisha nyumbani, hakuzima hata injini. Dada alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi. Aliangalia nani anashuka garini. Aliponiona ni mimi, alilikumbatia lile begi kidogo, kisha akaniambia niende nikaoshe uso, nimetapakaa damu kama mchinja mbuzi. Nikaenda nikaosha. Nilipotoka, hakunikabidhi begi. Alilibeba mwenyewe mpaka garini akaliweka kiti cha nyuma, akalipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto.

"Soksi ziko mfuko wa pembeni," akasema. Kisha akamgeukia Vidole, akamwambia kwamba huyu hali akiwa amekasirika, kwa hiyo asimkasirishe kabla ya chakula.

Njia nzima sikuweza kutulia. Nilifungua kioo, nikafunga, nikafungua. Vidole aliniuliza kama ninataka kuendesha yeye akae kwangu.

Mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa timu yangu mpya, uwanja mdogo wenye nyasi zilizotoka hapa na kukataa pale. Katika chumba chenye harufu ya dawa ya misuli nilifungua begi, na bukta niliyoitoa ilikuwa ya Shemeji. Nikatoa nyingine, ya Shemeji. Dada alikuwa amefunga bila kuchagua, au alikuwa amechagua moyoni asiniambie, sijui na sitauliza. Nikavaa. Ilinipwaya kama gunia. Nikavuta kamba, nikaizungusha kiunoni, nikapiga mafundo mawili. Wachezaji wenzangu walikuwa na la kusema, nikawaacha waseme.

Nje, kipa wa akiba alikuwa ananisubiri na mipira. Nafasi ile angekuwa nayo yeye kama nisingekuja, na alijua kuwa ninajua. Nikasimama mstarini. Akanipigia wa kwanza, wa bega, mtamu, wa kuruka na kupigiwa makofi. Mwili wangu ulishaanza kuupenda.

Niliudaka, nikamrudishia.

"Chini," nikamwambia. "Mbele ya miguu. Na upige kweli."